Ulengaji shabaha: Ada nafuu pekee haitamfikisha kijana wa Kawangware uwanjani

Mchezo wa kulenga visahani vya udongo una sifa ya kuwa mchezo wa wenye nacho. Popote unapochezwa duniani, waandalizi wa mashindano hukabiliwa na lalamiko lile lile kwamba gharama ni kubwa mno, na kwamba ndiyo sababu vijana hawajitokezi. Tiba inayopendekezwa aghalabu ni moja pia, kwamba ada ya kuingia mashindanoni ipunguzwe na washiriki wataongezeka.

Pendekezo hilo lina mashiko, kwani hakuna mchezo uliowahi kukua kwa kuwafungia watu mlango. Hata hivyo, likipimwa mahali kama Kawangware 46 jijini Nairobi, inadhihirika kwamba ada ni sehemu ndogo tu ya bei ambayo kijana wa kipato cha chini huombwa kulipa. Sehemu kubwa iko kwingine, na isipoguswa, mashindano ya bei nafuu yatawanufaisha wale wale waliokuwa na uwezo tangu awali.

Kawangware 46 ilipata jina lake kutokana na nambari ya matatu zinazofikisha abiria hapo kutoka katikati ya jiji. Wengi wa wakazi wake huishi kwa kibarua cha siku. Kuna wanaokwenda mjengo, wanaofua nguo katika nyumba za watu, wanaouza mboga na mitumba, na wanaoendesha bodaboda. Si mbali na hapo, kwa mwendo wa miguu, ziko nyumba za kifahari za Lavington. Kibera nayo imepakana na uwanja wa gofu wa klabu ya Royal Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1906. Kwa wakazi wa mitaa hii miwili, michezo ya matajiri haijawahi kuwa mbali kwa masafa. Umbali uliopo ni wa fedha, wa sheria na wa kuaminiwa.

Hesabu ya mlengaji

Ili kuelewa mahali gharama ilipo, ni vyema kuuelewa mchezo wenyewe. Mashine iliyofichwa ardhini hurusha kisahani chenye upana wa milimita 110 na uzito wa takriban gramu 105. Mlengaji aliyeshika bunduki ya marisau hutakiwa kukivunja kikiwa bado hewani. Raundi moja ina visahani 25. Katika mashindano ya kiwango cha Olimpiki, hatua ya mchujo huwa na raundi 5, yaani visahani 125 kwa kila mshiriki.

Katika aina ya mchezo huo iitwayo trapu, mlengaji anaruhusiwa kufyatua mara mbili kwa kila kisahani wakati wa mchujo. Kwa hivyo, mtu mmoja anaweza kutumia risasi kati ya 125 na 250 kabla hata ya kujua iwapo amefuzu kwa fainali. Katika aina nyingine, iitwayo skiti, hufyatua mara moja tu kwa kila kisahani.

Hayo ni ya siku za mashindano. Gharama halisi imo katika mazoezi, kwani hakuna anayekwenda kushindana bila kujinoa. Mlengaji anayefanya raundi 4 tu kwa wiki hurushiwa visahani 100. Akiendelea hivyo mwaka mzima, hufikisha visahani 5,200, na angalau risasi 5,200. Kwa kuwa risasi ya mashindano huwa na gramu 24 za marisau, mtu huyo mmoja atakuwa ametawanya takriban kilo 125 za madini ya risasi ardhini katika mwaka mmoja, na visahani vyake vitakuwa vimezidi nusu tani.

Juu ya hayo kuna bunduki yenyewe. Bunduki zinazotumiwa na wachezaji wa kiwango cha juu hutengenezwa zaidi nchini Italia na Ujerumani, na bei zake huhesabiwa kwa euro au dola. Mnunuzi wa Kenya anayezinunua hutegemea thamani ya shilingi, ambayo mapema mwaka 2024 ilishuka hadi zaidi ya Sh160 kwa dola moja kabla ya kujikwamua. Kuna pia kabati la chuma la kuhifadhia silaha, vikinga masikio, miwani, na nauli ya kufika katika viwanja vilivyo mbali na makazi ya watu.

Tuseme basi ada ya kuingia mashindanoni imefutwa kabisa. Aliyekwisha kununua bunduki, kabati na maelfu ya risasi atafurahi, na pengine atashiriki mara nne kwa mwaka badala ya mara mbili. Kijana wa Kawangware 46 atabaki pale pale alipokuwa, kwa sababu hakuzuiwa na ada. Alizuiwa na kila kinachotangulia ada.

Bunduki isiyo na mawindo

Nchini Kenya mchezo huu una mkwamo wa ziada unaotokana na historia. Ulizaliwa ng'ambo kama mazoezi ya wawindaji wa ndege. Kabla ya visahani, waliolengwa walikuwa njiwa hai waliofunguliwa kutoka kwenye vitego, na katika michezo ya Paris ya mwaka 1900 njiwa hai walipigwa risasi mbele ya watazamaji. Visahani vilichukua nafasi ya njiwa kwa sababu za huruma na za gharama, lakini waliovilenga waliendelea kuwa watu wale wale wa mashamba makubwa na misimu ya uwindaji.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ikaendeleza katazo la kuwinda kwa ajili ya burudani. Uamuzi huo ulilinda wanyama na uliungwa mkono na wengi. Athari yake moja ambayo haizungumzwi sana ni kwamba mkondo uliokuwa ukiuletea ulengaji wa visahani watu wapya ulikauka. Kwingineko mtoto hujifunza kulenga kwa baba yake mwindaji. Nchini Kenya hapana baba mwindaji halali, na mchezo ukitaka wafuasi wapya sharti uwatafute mahali pengine.

Mahali pengine penyewe pana kizingiti cha sheria. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, raia haruhusiwi kuwa na bunduki bila cheti, na anayeomba huchunguzwa mwenendo wake na sababu zake. Desemba 2018 serikali iliamuru raia wote wenye silaha wahakikiwe upya, na waliokosa kutimiza masharti wakajikuta hawana tena leseni. Katika uwanja wa shabaha wa Kirigiti, Kaunti ya Kiambu, wenye leseni hushindana kwa bastola, na wengi wao hueleza kwamba walinunua silaha kwa ajili ya kujilinda kwanza, mchezo ukafuata.

Huo ndio utaratibu unaopaswa kuangaliwa upya. Iwapo njia ya pekee ya kuwa mwanamichezo ni kuwa kwanza mmiliki wa silaha, basi mchezo utabaki kuwa wa watu wenye mali ya kulinda. Hata ukifanywa wa bei nafuu namna gani, hautavuka barabara kutoka Lavington kuingia Kawangware.

Kifaa kiwe cha klabu

Mitaa ya Nairobi imekwisha kutoa funzo kuhusu michezo ya gharama. Huko Kangemi, jirani ya Kawangware, uwanja wa kuteleza kwa ubao wenye magurudumu ulijengwa mwaka 2013 katika makao ya watoto ya Shangilia. Ubao mmoja ulikuwa bei isiyofikiwa na mtoto wa mtaa, lakini mbao zilipokuwa za uwanja, mtoto alihitaji tu kufika. Miaka michache baadaye, mchezo huo ambao wengi waliuona kuwa upuuzi ukaingizwa katika Olimpiki ya Tokyo.

Katika mitaa ya Mathare na Huruma, klabu ya Tsavora imekuwa ikifundisha vijana mchezo wa vitara, ambao nao hudhaniwa kuwa wa makasri ya Ulaya. Mavazi ya kinga, barakoa za waya na vitara ni ghali kuliko mshahara wa miezi kadhaa wa mfanyakazi wa kibarua. Siri ya klabu hiyo ni vifaa vya pamoja, ambapo mmoja akivua mwingine huvaa.

Mifano hii inaonyesha kwamba mchezo ghali hushuka hadi mtaani pale umiliki unapohama kutoka kwa mchezaji hadi kwa klabu. Bunduki nne zilizo katika ghala lenye ulinzi, zikisimamiwa na mkufunzi mwenye leseni, zinaweza kuhudumia makumi ya wanafunzi kwa zamu. Mwanafunzi hulipia visahani alivyorushiwa tu, wala halazimiki kununua, kuhifadhi au kubeba silaha hadi nyumbani. Kwa mtaa wenye nyumba za mabati na kufuli dhaifu, hilo la mwisho ni la maana kuliko punguzo lolote la ada.

Gharama ya usafiri pia ina dawa iliyojaribiwa. Katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, ligi ya ulengaji visahani ya shule za sekondari ilianzishwa mwaka 2001 na baadaye ikaenea katika majimbo mengi. Timu za ligi hiyo hazisafiri kila wiki kukutana. Kila timu hulenga katika uwanja ulio karibu nayo, matokeo huwasilishwa kwa mtandao, na washindi hujulikana. Hukutana ana kwa ana mwishoni mwa msimu tu. Mpango wa namna hiyo ungezifaa klabu za Nairobi, Nakuru, Eldoret na Mombasa, ambazo kusafirisha wachezaji na silaha kati yake ni gharama na hatari kwa pamoja.

Hofu isiyo ya bure

Hata hivyo, haitoshi kupiga hesabu za fedha. Mzazi wa Kawangware ana haki ya kuuliza kwa nini mwanawe afundishwe kufyatua bunduki, ilhali bunduki imekuwa ikimletea msiba.

Swali hilo halina uzito wa kubuni. Oktoba 2017, wakati wa uchaguzi wa marudio wa urais, vurugu zilizuka Kawangware, watu wakafa na vibanda vikateketezwa. Katika Kibera, kila msukosuko wa kisiasa umeacha familia zikiomboleza waliopigwa risasi. Kijana wa mitaa hii huiona bunduki ikiwa mikononi mwa watu wa aina mbili, yaani polisi na jambazi, na mara nyingi hushukiwa kuwa wa aina ya pili kwa sababu ya anwani yake tu. Kijana huyo akionekana amebeba mfuko mrefu njiani kuelekea mazoezini, anaweza kukosa muda wa kujieleza.

Inashangaza kukumbuka kwamba Kibera yenyewe ilianzishwa na watu wa bunduki. Askari wa Kinubi wa kikosi cha King's African Rifles ndio waliopewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Wazao wao walisubiri hadi mwaka 2017 ili jamii yao ipewe hati ya ardhi. Ni ushahidi kwamba serikali inaweza kumwamini mtu na silaha ya kupigania himaya na bado isimwamini na kipande cha ardhi. Suala la kuaminiana, kwa hivyo, si geni katika mitaa hii.

Kuna pia hofu ya sumu. Madini ya risasi yanayotawanywa na mchezo huu huingia ardhini na majini. Umoja wa Ulaya umekataza marisau ya madini hayo katika maeneo ya ardhioevu tangu mwaka 2023. Wakenya hawahitaji kwenda Ulaya kujua hatari yake. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na kiwanda cha kuyeyushia betri, wakashinda kesi mwaka 2020 na kutunukiwa fidia ya Sh1.3 bilioni, wakanyang'anywa ushindi huo katika rufaa, kisha Mahakama ya Juu ikawarejeshea Desemba 2024. Kupunguza bei ya mchezo kwa kuusogeza karibu na mtaa wa mabanda, mahali ardhi ni rahisi na wenye sauti ni wachache, kungekuwa kuwahamishia maskini gharama ambayo matajiri wamekataa kuilipa.

Wapo watakaosema kwamba hofu hizi zinatosha kulifunga suala hili, na vijana waachiwe kandanda na riadha. Hoja hiyo ina udhaifu mmoja. Tayari wenye uwezo wanalenga shabaha, wanashindana na wanapata medali, na hakuna anayewaambia waache. Kuuharamisha mchezo kwa kijana wa Kawangware pekee ni kusema kwamba hatari imo katika umaskini wake na si katika bunduki.

Mwanga kabla ya risasi

Njia ya kuzikabili hofu zote mbili ipo, nayo ni kuanza bila risasi. Mchezo wa pentathloni ya kisasa uliacha bastola za risasi ukaingia katika bastola za leza, na Olimpiki ya London ya mwaka 2012 ikawa ya kwanza kuzitumia. Tangu hapo mashindano ya kukimbia na kulenga kwa leza yamefanyika hata katika viwanja vya shule na bustani za miji. Vipo pia vifaa vya kulenga visahani kwa mwanga, ambapo kisahani kile kile hurushwa mara nyingi bila kuvunjika na mashine huhesabu aliyelenga sawasawa.

Kifaa cha namna hiyo kinaweza kuwekwa katika ukumbi wa jamii au uwanja wa shule. Hakina baruti, hakina sumu, na kikiibwa hakiui. Mwanafunzi hujifunza kusimama, kupumua, kufuata kisahani kwa macho na kuwa na subira, mambo ambayo ndiyo kiini cha mchezo. Wale wachache watakaoonyesha kipaji ndio watakaopelekwa katika uwanja ulioidhinishwa, mbali na makazi, kutumia bunduki za klabu chini ya ruhusa ya wazi ya Bodi ya Leseni za Silaha. Kwa mpango huo, ruzuku hutumika kwa mwenye kipaji na haimwagwi kwa kila aliyejitokeza.

Fedha zitoke wapi? Mwaka 2018 Kenya ilianzisha Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, iliyotarajiwa kutegemea kodi za kamari. Yeyote anayepita Kawangware jioni ya siku za mechi anajua ni nani wanaoweka dau. Shilingi ya kijana huyo imekwisha kutangulia kufika katika hazina, na kuirejesha mtaani kwa sura ya mashine moja ya leza na mkufunzi mmoja si hisani. Ni kulipa deni.

Watakaouliza iwapo nchi isiyo na jina katika mchezo huu inaweza kufika popote, wana majibu mawili ya kulinganisha. Medali ya kwanza ya Olimpiki ya Umoja wa Falme za Kiarabu, mwaka 2004 mjini Athens, ililetwa na mlengaji visahani, Ahmed Al Maktoum, ambaye ni wa ukoo unaotawala Dubai. Dhahabu ya kwanza ya Guatemala, mwaka 2024 katika michezo ya Paris, ililetwa pia na mlengaji visahani, Adriana Ruano. Huyu alikuwa mwanasarakasi wa viungo aliyeumia mgongo akalazimika kutafuta mchezo mwingine, na akawahi kujitolea kama mhudumu katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 kabla ya kuwa bingwa mwenyewe. Mmoja alifika kwa njia ya ukoo na mwingine kwa kufunguliwa mlango. Kenya haina ukoo wa kifalme wa kuitegemea.

Wanaopigania ada nafuu wana nia njema na wasikatishwe tamaa. Inawapasa tu kubadili mpangilio wa madai yao. Kwanza kifaa kiwe cha klabu, pili mafunzo yaanze kwa mwanga, tatu viwanja vya risasi viwe na masharti makali ya mazingira, nne matokeo yatumwe kwa mtandao badala ya watu kusafiri, na tano ndipo ada ishushwe. Ikianzwa ya tano, itakayoshuka ni bili ya watu wa Lavington. Ikianzwa ya kwanza, huenda siku moja orodha ya washiriki ikawa na jina la mtu aliyekuja kwa matatu ya nambari 46, mikono mitupu, akijua kwamba bunduki yake inamngoja uwanjani na jioni ataiacha huko huko.